Kigoda cha Muuza Mafuta

Hara Kebira, Djerba
4 Tevet 5713

Mkamwana wangu Meiha,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ni lawama. Sikukuu nzima ya Hanuka imepita sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Nasikia huko Tunis posta ziko kila kona. Herufi alizonifundisha marehemu baba zinaota kutu kwa kukosa barua ya kujibu.

Mimi mzima. Nimekaanga maandazi ya sikukuu siku zote nane. Hanina alinichungulia juu ya ukuta akaniuliza unamkaangia nani, Kamisa, na uko peke yako? Nikamwambia namkaangia mwanangu. Wote wakisikia hivyo hunyamaza na kutazama vidole vya miguu yao, halafu wakifika kwao ndipo midomo inafunguka. Wanasema Khalfon alichukuliwa na maji bondeni mwaka ule wa mafuriko, na kwamba sonara aliyeondoka na begi lake la mapambo ya fedha kwenda kuuzia vijiji vya kusini asiporudi mwaka wa tano harudi tena. Waseme. Nyumba yenye msiba haikaangi, si ndivyo tulivyolelewa? Mfiwa hawashi jiko la sikukuu, majirani ndio humletea sahani. Sasa mimi jiko langu limewaka, na harufu ya sfenji zangu imefika hadi sinagogi. Anayetaka kujua kama kwangu kuna msiba na anuse.

Unga ulikuwa laini mwaka huu, unanata vidoleni, ukiutoboa katikati unajifumba wenyewe. Nililazimika kulowesha mikono kila mara. Lakini zikishaiva, nyepesi kama pamba. Mafuta ni ya zeituni mpya, mzee Ammar aliyaleta siku ya kwanza, kiriba kimejaa hadi shingoni. Nilimpokea mlangoni, nikamtungia sfenji nne kwenye ukuti, nikamwambia njia ni ndefu, nenda kabla punda hajalala. Kazeeka yule, na maneno yamemzidi.

Khalfon akirudi ataniuliza mke wangu yuko wapi. Nimwambie yuko Tunis kwa kaka yake anashona magauni ya Wafaransa? Rudi nyumbani kabla ya Pasaka.

Mama yako,
Kamisa


Tunis
2 Januari 1953

Mama,

Nabusu mkono wako. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa na neno moja la kukuandikia, na kila nikishika kalamu linanikwama, basi nikaona bora nisiandike kabisa kuliko kukuandikia habari za hali ya hewa.

Yuko mtu anaitwa Nissim. Ana duka la vitambaa chini ya chumba chetu, mkewe alifariki akamwachia mabinti wawili. Amekuja kwa kaka kuniposa. Kaka akaenda kwa marabi wa hapa, na marabi wakamjibu nilichokuwa nakijua tangu mwanzo: mwanamke ambaye mumewe alipotelea majini bila shahidi ni mke aliyefungwa. Si mjane, si mwenye mume. Hakuna rabi atakayemwozesha mpaka aingie kaburini.

Mama, nina miaka thelathini na miwili. Nataka mtoto. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, wala sioni aibu mbele yako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukinifunga hirizi kiunoni ili nimzalie Khalfon.

Marabi wanasema hawahitaji mengi. Mtu mmoja tu aliyemwona amekufa. Hata mwanamke. Hata Mwislamu, mradi alisema mwenyewe katika mazungumzo yake, bila kuulizwa na bila kujua kwamba kuna mtu anayelihitaji neno lake. Akiulizwa tu, limeharibika, maana huenda amesema ili kumridhisha aliyemuuliza. Basi mimi ninangoja neno ambalo siruhusiwi kulitafuta.

Nakuandikia haya usije ukasikia kwa wengine. Sijamsahau mwanao.

Na huyo mzee Ammar amekukosea nini, hata umpokee mlangoni? Siku zangu alikuwa akikaa kwenye kile kigoda karibu na jiko, anakula sfenji saba, na kila moja ina hadithi yake. Khalfon alikuwa anachelewa dukani kwa ajili ya kumsikiliza.

Binti yako,
Meiha


Hara Kebira
19 Shevat 5713

Meiha,

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini ya gunia la unga, na huko itakaa.

Mume unaye. Aliondoka nyumbani kwa miguu yake miwili, na hakuna aliyeniletea hata kiatu chake. Khalfon ni mtoto wangu wa pekee, sina mwingine wa kuweka mahali pake. Wewe unaweza kupata Nissim mwenye vitambaa. Mimi nikitoka mlangoni nitampata nani?

Unasema hujamsahau. Mtu ambaye hajasahau hashuki ngazi kwenda kupima vitambaa.

Ammar hajanikosea. Ni uzee tu. Mtu akifika umri ule huona wenzake wengi wametangulia, basi kila akifungua kinywa anamwombea huyu rehema na yule rehema, mbele ya watu, bila kujali anayesikia ana moyo gani. Nampa chakula chake aende zake. Sina masikio ya kila mtu.

Nimekutumia mtungi mdogo wa ndimu za chumvi. Wagawie watoto wa kaka yako, usiwagawie watu wa vitambaa.

Kamisa


Tunis
11 Machi 1953

Mama,

Ndimu zimefika. Asante.

Kuna mstari katika barua yako nimeusoma mpaka karatasi imechakaa pale. Mzee Ammar anamwombea nani rehema mlangoni kwako?

Aliye hai haombewi rehema. Aliye hai huombewa afya na safari njema. Nawe tangu lini umekuwa ukimfukuza mtu kwa kuwaombea wafu wa nyumba nyingine? Mama, mzee Ammar hupita na punda wake mabonde yote ya kusini. Alimjua Khalfon. Bangili za binti zake wote ni kazi ya mikono ya Khalfon.

Usinijibu. Nakusihi, usinijibu, kwa maana jibu lako halitanifaa kitu. Wewe ni binti wa hakimu, umekulia chini ya vitabu vya babako, unajua kuliko mimi kwamba wako wanawake watano ambao neno lao juu ya kifo cha mume halipokelewi, na mama wa mume ni mmoja wao. Marabi wanachelea kwamba anamchukia mkamwana wake na anataka kumtia matatani, aolewe kisha mume atokee hai. Na mimi nikimwandikia Ammar, au nikimtuma kaka akamuulize, nitakuwa nimekivunja chungu changu kwa mkono wangu.

Basi niko hapa nashona. Wewe uko huko. Katikati yetu yuko mzee na punda.

Meiha


Hara Kebira
15 Sivan 5713

Mwanangu Meiha,

Natumaini u mzima. Sisi tunamshukuru Mungu. Joto limeingia mapema. Binti wa Hanina ameolewa, karamu ilikuwa nzuri ila nyama ilipungua, na watu wa upande wa bwana harusi walikula wakijua inapungua. Ukuta wa upande wa mtini umepasuka, nimeutia chokaa mwenyewe.

Barua yako ya mwezi wa Adari haikufika. Posta imeoza siku hizi. Kama ulikuwa na la maana, naona limepotea njiani, na wala usijisumbue kuliandika upya.

Wasalimie watoto.

Mama yako,
Kamisa


Tunis
8 Oktoba 1953

Mama,

Barua ambayo haikufika, umejuaje kwamba niliiandika Machi, mwezi wa Adari?

Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, majira yote ya joto nilikuwa nayo, nikishona sindano inanichoma nakutaja wewe. Sasa imekwisha na nimebaki na woga tu. Nissim ni mtu mwema, lakini mabinti zake wanahitaji mama, na amemwambia kaka kwamba atangoja mpaka Pasaka. Baada ya hapo ataangalia kwingine. Sitamlaumu.

Nimefikiri sana ninachoweza kukuomba. Siwezi kukuomba useme, maana kusema kwako hakunifungui. Siwezi kukuomba umuulize, maana kuuliza kunaniharibia. Imebaki kitu kimoja. Nakuomba unyamaze. Miaka yote hii wewe ndiye umekuwa ukizungumza juu ya sauti yake, unamharakisha, unamjaza sfenji mdomoni, unamsukumia mlangoni. Mwaka huu, mzee Ammar akija na mafuta, na wanawake wakiwa uani kwako, mpe kigoda. Basi. Akae, ale, azungumze lake.

Labda hatasema kitu. Labda mimi ndiye mwenye mawazo mabaya, na rehema zake ni za mtu mwingine kabisa. Ikiwa hivyo, nakuapia kwa uhai wangu, sitakugusia tena jambo hili, na nitarudi Djerba kukaa nawe mpaka mmoja wetu amzike mwenzake.

Mpe kigoda, Mama.

Meiha


Hara Kebira
14 Kheshvan 5714

Meiha,

Umeandika vizuri. Baba angekupenda, alipenda watu wanaojua kubana mtu kwenye kona.

Nitakuuliza swali moja. Leo asubuhi nimeamka, nimefagia ua, nimetandika kitanda cha Khalfon kama ninavyokitandika kila Ijumaa. Kesho nikiamka baada ya hicho unachoniomba, nitafagia kwa ajili ya nani? Wewe ukifunguliwa una pa kwenda. Una mtu amesimama chini ya ngazi. Mimi mlango wangu una upande mmoja tu, na upande huo ndio ninaoutazama tangu mwaka ule.

Unaniita mama halafu unaniomba nikae kimya huku mwanangu anakufa uani kwangu, mbele ya wanawake wanaolamba asali vidoleni.

Usiniandikie tena habari hii.

Kamisa


Hara Kebira
3 Tevet 5714

Kwa bibi Meiha binti Gabriel, aliyeko Tunis kwa kaka yake.

Amani iwe kwako. Nakuandikia mimi Shushan, mmoja wa marabi wa Hara, kwa niaba yangu na wenzangu wawili.

Juzi, mwezi mosi Tevet, sikukuu ya mabinti, wanawake wa mtaa walikusanyika kwa bibi Kamisa binti Makluf, mama wa mumeo, kama desturi yao kwa siku hiyo. Miongoni mwao walikuwepo mke wangu Turkiya na jirani Hanina. Wote wawili wamesimama mbele yetu, kila mmoja peke yake, na maneno yao yamelingana.

Walisema kwamba mchana alifika muuza mafuta wa kusini, aitwaye Ammar. Bibi Kamisa alimpa kigoda karibu na jiko. Mzee akala. Wanawake walikuwa wakitaniana kuhusu sinia aliloletewa binti mmoja na mchumba wake, ambalo nusu ya peremende zake zilikuwa zimeliwa njiani. Mzee akacheka pamoja nao. Kisha akainua macho, akamwambia mwenye nyumba maneno haya, nami nayaandika kama walivyoyakariri: "Mungu amrehemu Khalfon wako, Mama. Mwaka huu mvua imevimbisha bonde lilelile. Nilipita pale, nikaongeza mawe juu ya kaburi lake, maji yasilifikie. Mimi ndiye niliyemtoa matopeni siku ile, uso wake ulikuwa mzima kama amelala, nikamzika juu kilimani kwa mikono yangu."

Nimemuuliza mke wangu mara kadhaa kama yuko aliyemuuliza mzee huyo jambo lolote juu ya mumeo, kabla au baadaye. Hakuna. Mzee mwenyewe alishangaa kuona wamenyamaza, akadhani amekosa adabu kwa kutaja marehemu siku ya furaha, akaomba radhi akaondoka.

Mama mkwe wako hakutoa ushahidi, wala sheria haimhitaji. Wanawake wanasema alikuwa amesimama kwenye karai na uma wa chuma mkononi, hakuutia wala hakuutoa, na sfenji zote zilizokuwa ndani ziliungua mpaka zikawa mkaa.

Tumekaa, tumepima, tumekubaliana. Mtu huyo alisema bila kuulizwa, alimtambua kwa uso, na alisema amemzika. Meiha binti Gabriel ni mjane, na anaruhusiwa kwa mtu yeyote atakayemtaka. Mungu akufariji.

Shushan


Hara Kebira
9 Tevet 5714

Mwanangu Meiha,

Rabi ameshakuandikia, basi la sheria unalo. Mimi nakuandikia mengine.

Nilimtumia Ammar salamu kupitia mtu wa soko kwamba mafuta ya mwaka jana bado ninayo, asije siku ya kwanza, aje siku ya mabinti. Usinishukuru. Hata alipokuwa anafunga punda nilikuwa sijakata shauri. Nilishika sfenji ya moto mkononi tayari, kama miaka yote, nimpe pale pale mlangoni. Kisha nikaona ameanza kutembea kwa shida, anashika ukuta. Nikafikiri mwaka ujao huenda asije. Ndipo nikasogea akapita.

Alipoketi nilitaka apaliwe. Naliandika hili ujue mama mkwe wako ni mtu wa namna gani. Nilimtazama anatafuna nikaomba apaliwe. Lakini alimeza vizuri.

Baada ya wanawake kutoka, Rabi Shushan alikuja na Turkiya. Akaniambia, Kamisa, unajua sheria. Nikamwambia naijua. Habari ya kifo ikikufikia karibu, unakaa chini siku saba, watu wanakulisha, wanakulilia. Ikikufikia baada ya mwezi kupita, unakaa saa moja. Saa moja tu, unavua viatu, unakaa chini, halafu unainuka unaendelea na kazi zako. Haidhuru ni mtoto wako wa pekee.

Nikavua viatu nikakaa kwenye jamvi. Sikumwambia Rabi kwamba saa yangu ilipita zamani, nilipokuwa nimesimama hapo mlangoni, na badala ya kuikalia nikamtungia yule mzee sfenji kwenye ukuti. Nilikaa. Nilidhani nitalia, kumbe nilianza kumkumbuka mtoto. Si yule mwanamume mwenye begi la fedha. Mtoto. Turkiya alikuwa ameketi kando. Rabi akatazama saa yake, akaniambia kwa upole, inuka, Mama, imekwisha. Nikamwambia ngoja kidogo. Akangoja.

Ule usiku wa mwisho wa Hanuka niliwasha taa zote nane. Jiko sikuwasha. Sheria inaniruhusu kukaanga, nimeruhusiwa tangu nilipoinuka jamvini, lakini sikuweza. Hanina alileta sahani. Kisha Turkiya. Kisha wale wa nyumba ya pembeni ambao hatusemezani tangu ugomvi wa kisima. Sahani zilijaa mezani mpaka nikaziweka kwenye kitanda cha Khalfon, maana sikuwa na pengine. Nilikula moja ya Hanina. Anatia chumvi nyingi.

Olewa. Nasema kwa kinywa changu, nawe hukuniomba hilo. Mwambie huyo Nissim ninamjua baba yake mdogo, na kwamba nikisikia amekuinulia sauti nitapanda basi mpaka Tunis.

Mama yako, kama bado unanitaka,
Kamisa


Tunis
3 Januari 1954

Mama,

Nabusu mikono yako yote miwili.

Barua ya Rabi ilifika kabla ya yako. Kaka aliisoma kwa sauti, na nyumba nzima ikaanza kunipongeza. Shemeji alipiga kigelegele. Nami nilikuwa nimesimama na pini mdomoni, nikitabasamu, kwa sababu ndicho nilichokiomba, tena nilikiomba mpaka kwa kukukaba koo.

Kisha nikaenda chumbani nikafunga mlango. Nikavua viatu. Mjane naye ana saa yake.

Sikujua, Mama. Nilidhani nilikwisha kumlilia zamani, maana nilikuwa na hakika amekufa tangu mwaka wa kwanza, wakati wewe ulikuwa unakataa. Nilidhani wewe ndiye unayejidanganya na mimi ndiye mwenye akili. Lakini nilipofika pale pa mzee kumtoa matopeni na uso wake mzima, nililia mpaka shemeji akagonga mlango. Miaka hii yote nilikuwa nikimlilia mume aliyenifunga. Khalfon mwenyewe sikuwahi kumlilia.

Saa ilipokwisha Nissim alikuwa amekwisha kuja, amesimama ngazini na kofia mkononi, kaka amemwambia. Alinitazama akaelewa. Nilimwomba anipe mpaka baada ya Pasaka, si kwa ajili ya marabi, kwa ajili yangu. Alisema sawa. Hakuuliza kwa nini, akashuka dukani kwake.

Nakutaka. Ulidhani nini? Harusi haitakuwa bila wewe, na huyo Nissim amekwisha ambiwa kuhusu basi.

Lakini kabla ya hapo nina ombi jingine, na hili unaweza kulikataa. Unasema ulipokaa jamvini ulimkumbuka mtoto. Tangu niolewe hukuwahi kunisimulia utoto wake. Kabla hajapotea alikuwepo mwenyewe, ukiona aibu kumsema mbele yake. Alipopotea ukawa unazungumza habari za siku atakayorudi tu, nami nikawa naogopa kuuliza za nyuma, maana kuuliza kungekuwa kama kumzika.

Sasa amezikwa, kilimani, juu ya maji. Tunaweza kumsema. Niandikie alikuwaje alipokuwa mdogo, alianza kutembea lini, alikuwa anakuibia nini jikoni. Anzia popote.

Binti yako,
Meiha